Plastiki Inayokumbuka Maumbo Yake

Wengi tumeiona plastiki hii bila kuijua jina. Fundi umeme akiunganisha waya, huvalisha kwenye kiungio kijibomba laini, akakipitishia moto wa kiberiti, nacho kikasinyaa na kubana. Hakijayeyuka. Kimerudia umbo lake: kiwandani kilitengenezwa chembamba, kikapashwa moto, kikatanuliwa, kikapozwa kikiwa kimetanuka.

Plastiki ni polima, yaani minyororo mirefu ya molekuli. Katika aina hii minyororo imefungwa mafundo hapa na pale kama wavu, na mafundo ndiyo yanayotunza umbo la asili. Ikipata joto hulegea, ukaweza kuivuta. Ukiipoza huku umeishikilia, hukakamaa ilipo. Ukiipasha tena, hujivuta kurudi.

Mwaka 2002 Andreas Lendlein na Robert Langer walieleza uzi wa namna hii wa kushonea vidonda: ukifikia nyuzi joto 40 hivi, fundo linajikaza lenyewe, na baadaye uzi huyeyukia mwilini. Daktari anayeshona kupitia tundu dogo anajua thamani yake. Fundo likilegea kidonda hufunguka. Likikaza mno nyama hufa.

Je, plastiki moja yaweza kutunza maumbo kadhaa? Mwaka 2010 Tao Xie, wa kampuni ya General Motors nchini Marekani, alionyesha kwamba yaweza. Alitumia Nafion, ambayo hailegei ghafla bali kidogo kidogo, kati ya nyuzi 55 na 130 hivi. Ikunje ikiwa na joto kali, ipoze kiasi, ikunje tena kwa namna nyingine, ipoze zaidi. Ikipashwa polepole, mkunjo wa mwisho hufunguka kwanza. Alifikisha maumbo manne, la asili likiwemo. (Hapa Kaengesa maji ya moto yasingetosha kuyafungua yote, kwenye uwanda wa Ufipa huchemka kabla ya nyuzi 100.)

Sisi wa falsafa tunamkumbuka Aristotle na maada na umbo. Jembe alilofua mhunzi wa Kifipa halirudi kuwa bonge la chuma hata likirudishwa motoni. Umbo jipya limefuta la zamani. Katika plastiki hii la zamani lingalipo, kwa uwezekano. Hata hivyo neno “kumbukumbu” naona tumeliazima tu. Plastiki haijui jana yake. Imebanwa, inangoja kuachiwa. Tena ikisharudia umbo la asili, ile mikunjo ya kati imepotea, na kuipasha moto mara ya pili hakuirudishi. Lazima mtu aikunje upya.