Kathodi si Hasi Daima

Wanafunzi wetu hukaririshwa kwamba kathodi ni ncha hasi. Katika elektrolisisi, naam. Katika betri inayotoa umeme, kathodi ndiyo chanya! Faraday alipolitangaza neno hili mwaka 1834, maana yake ya Kigiriki ilikuwa njia ya kuteremkia tu.

Chukua betri ya zinki yenye maji, inayochajiwa tena. Kathodi yake ya dioksidi ya manganizi hupokea ioni za zinki, lakini manganizi huyeyuka, nguvu za betri zikafifia. Mwaka 2016 watafiti walitia salfeti ya manganizi majini, uyeyukaji ukapungua. Mwalimu mwenzangu, utayaelezaje haya kwa fasili ile? Naifasili kathodi hivi: ncha ambako elektroni huingia selini kutoka kwenye waya.