Dirisha la jikoni Saskatchewan: Unaona mbali, jirani humwoni

Ukifungua dirisha la keja yako Pipeline au Umoja, unachoona ni nguo za jirani kwenye kamba. Nyoosha mkono kidogo tu, utagusa ukuta wake. Hebu sasa jiweke kwenye dirisha jingine, la jikoni kwa mkulima mkoani Saskatchewan, magharibi mwa Kanada.

Mkoa huo ni mkubwa kuliko Kenya nzima. Lakini sensa ya 2021 ilipata watu milioni 1.1 hivi, yaani hawafiki hata nusu ya watu wa Kaunti ya Kiambu.

Nchi ni tambarare kama meza. Mwezi Julai mashamba ya kanola huwa manjano hadi macho yanauma. Barabara ya changarawe imenyooka kama rula, na gari likija unaona vumbi lake kwanza. Una muda wa kuinjika chai kabla mgeni hajabisha.

Januari ni hadithi nyingine. Baridi hushuka hadi nyuzi 30 chini ya sufuri. Utaona pick-up uani imeunganishwa na waya wa stima usiku kucha, na si eti ni gari la umeme. Injini inapashwa joto ndiyo asubuhi ikubali kuwaka.

Ila cha kushangaza zaidi ni kile usichokiona. Sheria ya 1872 ilimpa mlowezi ekari 160 kwa ada ya dola 10, mradi aishi pale na kulima kwa miaka 3. (Ardhi ilikuwa ya Wacree na wenyeji wengine, waliosukumiwa kwenye maeneo waliyotengewa. Mkenya hahitaji kuelezwa hiyo stori.) Enzi hizo, usiku ungeona taa za majirani.

Leo shamba la wastani mkoani linapita ekari 1,700. Mashine zimekuwa kubwa, familia zimepungua, shule nyingi ndogo zimefungwa. Maghala ya mbao kando ya reli, yale marefu yaliyoandikwa jina la mji, mengi yamebomolewa.

Hata miti haijapona. Kati ya 1901 na 2013, kitalu cha serikali pale Indian Head kiligawa miche zaidi ya milioni 600 ili wakulima wazuie upepo. Sasa baadhi ya safu hizo zinang'olewa kwa sababu zinazibia mitambo njia.

Linganisha na shags kwenu. Huku shamba la guka linakatwakatwa hadi ploti haitoshi hata mbuzi wawili. Kule shamba moja linameza mengine. Matokeo ni yale yale: kijana anabeba begi, huyu anaenda Nairobi, yule Regina au Saskatoon. Na asikudanganye mtu kwamba yule wa Kanada amekataa jembe. Kombaini mpya pekee ni mamia ya maelfu ya dola, kabla hajanunua ekari hata moja. Kama wazazi hawana shamba, ataanzia wapi?

Wanaobaki huvuna hadi usiku, Agosti na Septemba, wakikimbizana na mvua. Chakula hupelekwa shambani. Kutoka jikoni unaona taa za kombaini zikitambaa gizani, mbali kabisa, na huhitaji kuuliza ni nani. Ni mtu wa nyumbani, maana upande huo hakuna mwingine.