Je, Wajua Historia ya Mangwe Imo Shinani mwa Mnazi?

Ukipita kwenye mashamba ya zamani kati ya Ukunda na Msambweni, pwani ya kusini mwa Kenya, tazama mashina ya minazi mirefu. Mengi yana vidato, mapengo ya kupandia yaliyochongwa kwa panga kutoka chini hadi karibu na makuti. Mwembe ukichanjwa hujiponya: chini ya gome lake kuna tabaka hai linalozaa mbao mpya na kuliziba jeraha mwaka baada ya mwaka. Mnazi hauna tabaka hilo. Kidato kilichokatwa leo kitabaki hapo mpaka siku mti utakapoanguka, na mnazi huweza kuishi zaidi ya miaka 60. Waangua nazi nao huvitumia vidato, kwa hiyo pengo moja halithibitishi kitu. Lakini mnazi wa kugemwa hupandwa asubuhi na jioni, kila siku, na kingo za vidato vyake hulika kwa nyayo. Ukiikuta minazi ya namna hiyo imekaribiana, uliza wazee wa hapo. Huenda umesimama palipokuwa na mangwe.

Mangwe ni kilabu cha tembo la mnazi. Jengo lake, kama lipo, ni paa la makuti na mabenchi. Mara nyingi ni kivuli cha mwembe tu. Likifungwa, mvua mbili za masika zinatosha kulifuta. Linganisha na Uingereza: huko sheria ya mwaka 1830 ilimruhusu karibu kila mlipa kodi kuuza bia nyumbani kwake kwa ada ndogo, na nyumba nyingi za aina hiyo zingali zimesimama, zimegeuzwa makazi au maduka. Bia ile ilitiwa maua machungu ya hopsi yanayozuia kuharibika, ikakaa ndani ya pipa ikimngoja mnywaji, na pipa lilihitaji ukuta na kufuli.

Tembo halimngoji mtu. Mgema hulichagua karara, ala ya maua ya mnazi, kabla halijapasuka, akalifunga kamba, akalikata ncha kwa kisu chake cha kotama na kuliinamisha pole pole kwa siku kadhaa mpaka lianze kutona. Utomvu unaotona una sukari ambayo mti ulikuwa unaipeleka kwenye maua na nazi changa. Ndiyo maana karara linalogemwa halizai. Mishipa iliyokatwa huziba upesi, hivyo mgema hurudi kuchonga kipande chembamba kipya na kuteremsha chombo kilichojaa, kibuyu zamani, dumu la plastiki siku hizi. Hakuna anayetia hamira. Chachu imo ndani ya chombo, kwenye mabaki ya jana, na nyingine huletwa na nyuki na mainzi. Saa chache baadaye tembo tamu limeshaanza kuwa kali. Kesho yake bakteria huanza kuigeuza pombe kuwa siki. Basi mangwe lilijengwa pale minazi ilipo, na saa za kunywa zilipangwa na mgema anaposhuka.

Walevi ni sehemu moja tu ya habari hii. Kwa Wadigo na Waduruma, tembo lilikuwa kinywaji cha wazee na cha koma, mizimu ya wahenga: lilimwagwa kaburini, lilitangulia maneno ya posa ndani ya kibuyu cha kadzama, lilipatanisha waliogombania mpaka wa shamba. Baadaye Uislamu ulienea sana kwa Wadigo, na wengi wakaliacha. Minazi haikuachwa, kwani tui na makuti vinahitajika kila nyumba, na si ajabu kumkuta mgema kutoka kwingine akikodi minazi ya mwenye shamba asiyeonja tembo. Maofisa wa kikoloni walilalamika kwamba kugema kunapunguza mbata za kuuza nje, wakadai leseni. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilileta vibarua wenye mshahara na kiu ya jioni. Tangu Katiba ya 2010, leseni za vileo ni kazi ya serikali za kaunti.

Kinachonisumbua ni kasi ya kukata minazi. Shamba likiuzwa Galu au Tiwi, minazi mikongwe huangushwa kwanza, mbao zake zikafanywa nguzo na viti, na msingi wa nyumba ya wageni huchimbwa mahali pale pale. Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo, ilipata ulinzi na mwaka 2008 ikaingia Urithi wa Dunia pamoja na kaya nyingine za Mijikenda, na ilistahili. Mangwe hayana hirizi ya namna hiyo, na sidhani yanahitaji uzio. Yanahitaji mtu wa Makumbusho ya Taifa, au mwalimu wa historia na wanafunzi wake, waende na simu, wapige picha shina kwa shina, waandike jina la mahali na la mgema aliyepanda hapo, wakianza na mashamba yaliyokwisha kuwekwa alama za kuuzwa.