Motokaa ya Kukodi na Barabara za Ng'ambo

Mtu wa Lushebere ajuaye kuendesha motokaa si dereva wa kudharauliwa. Amejifunza kazi yake katika barabara ya udongo, kwenye vilima vya Masisi, mahali ambapo mvua ya nusu saa yaweza kuigeuza njia kuwa utelezi mtupu. Ajua kushuka mteremko kwa gia ndogo, ajua kuwauliza kwanza wapita njia kama daraja lingali zima. Lakini ujuzi wake una kasoro moja isiyoonekana nyumbani. Katika tope, upande wa barabara si wa kuume wala wa kushoto: ni ule ulio mkavu. Kila mmoja hupita pale anapoona udongo mgumu, na wawili wakikutana husimama, husalimiana, na mmoja hurudi nyuma. Mtu huyu akifika na motokaa ya kukodi kwenye lami ya nchi ya jirani, hapo ndipo mazoea yake yanapoweza kumwua, yeye na aliowachukua.

Safari za namna hiyo zimekuwa nyingi. Zamani aliyevuka mpaka kwa motokaa alikuwa mfanyabiashara, naye aliijua njia yake. Siku hizi ni mgonjwa anayepelekwa hospitali ya Kigali au Kampala, ni wazazi wanaompeleka mtoto shule Uganda, ni mahujaji wanaotaka kufika Namugongo kabla ya tarehe 3 Juni, sikukuu ya Mashahidi wa Uganda. Tena Januari 2025, vita vilipoingia Goma, kiwanja cha ndege kilifungwa. Na kwa kuwa njia ya Butembo ilikuwa imekatwa na mapigano, watu wengi walikwenda Butembo na Beni kwa kuzunguka Rwanda na Uganda, wakaingia tena Kongo kwa mpaka wa Kasindi. Fikirini jambo hilo: kwenda mji wa mkoa wetu wenyewe kwa kupita nchi mbili za watu!

Familia zenye motokaa ni chache. Basi jamaa huchanga fedha, hutafuta mwenye jipu mjini Goma, hupatana naye bei ya siku, mafuta yakiwa juu ya mkodi, na mara nyingi mapatano yote ni ya mdomo. Taabu ya kwanza huzaliwa hapo. Machoni pa ofisa wa forodha, motokaa ya mtu mwingine ni ya kutiliwa shaka mpaka aonyeshwe karatasi. Kwa hiyo mkodi adai karata ya motokaa yenyewe, si nakala tu, pamoja na barua ya mwenye mali inayotaja jina la dereva, namba ya motokaa, nchi zitakazopitwa na tarehe ya kurudi, nayo ipigwe muhuri wa mthibitishaji wa serikali. Katika mkataba iandikwe wazi ni nani atakayelipa mpira ukipasuka, na nani atakayelipa mashine ikifa njiani. Kisha wawili hao waizunguke motokaa pamoja mchana kweupe, wapige picha za kila mkwaruzo kwa simu. Wengine huona haya kufanya hivyo mbele ya mtu wanayemheshimu. Haya hiyo huwagharimu sana siku ya kurudisha.

Ofisa wa forodha wa Uganda humwandikia mgeni kibali cha muda cha motokaa yake, nacho kina siku ya mwisho. Siku zikizidi, atakayesumbuliwa mpakani ni yule aliyeshika usukani, si mwenye motokaa aliyeketi nyumbani kwake Goma. Mgonjwa asipopona upesi kama ilivyotazamiwa, yafaa kwenda kuongeza siku mapema.

Juu ya bima, au asiransi kama tusemavyo sisi, wengi hudhani ile ya Kongo yatosha. Haitoshi. Nchi za soko ambalo sasa huitwa COMESA zilifanya mapatano mwaka 1986, na mwaka uliofuata ikaanza kutumika Kadi ya Manjano, ambayo huifikisha bima ya nyumbani hata nchi za jirani. Kongo, Rwanda, Burundi, Uganda na Kenya zimo. Na Tanzania, ijapokuwa si mwanachama wa COMESA, huipokea pia. Kadi hiyo humlipia yule uliyemgonga au mali uliyoiharibu, na husaidia matibabu ya haraka ya dereva na abiria. Motokaa yenyewe uliyoikodi hailipiwi na kadi hiyo! Soma basi tarehe zake na nchi zinazohusika kabla hujatoa fedha.

Dereva awe na permi yake mwenyewe, na kama aweza kuipata, permi ya kimataifa, ambayo msingi wake ni mapatano ya Geneva ya mwaka 1949 na ya Vienna ya mwaka 1968. Hiyo hutolewa katika nchi yako kabla ya safari, nayo peke yake haina nguvu: lazima iambatane na permi ya nyumbani.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Kongo, Rwanda na Burundi huendesha upande wa kuume, kama Wabelgiji walivyofanya. Uganda, Kenya na Tanzania hufuata desturi ya Waingereza, yaani upande wa kushoto. Mtu atokaye Goma kwa Gisenyi, akapita Ruhengeri, ambayo sasa huitwa Musanze, ataendesha kama kwao mpaka Cyanika. Akiisha kuvuka hapo kwenda Kisoro, kila kitu hugeuka. Kugeuza si jambo jepesi hata kwa serikali: Sweden ilipohama kutoka kushoto kwenda kuume, tarehe 3 Septemba 1967, iliandaa kazi hiyo kwa miaka kadhaa na kuzuia motokaa nyingi zisitembee usiku ule. Dereva wetu hupewa dakika chache tu za kungoja muhuri.

Tena hatari haiko mpakani penyewe. Pale kila mtu yuko macho, na lori lililotangulia humwonyesha mgeni upande wa kupita. Hatari huja baadaye, barabara ikiwa tupu: unapotoka kununua mafuta, unapoondoka asubuhi ulikolala, unapomkwepa mbuzi ghafla. Mikono hurudia mazoea kabla akili haijasema neno. Kwa sababu hiyo abiria wa mbele asilale wala asiimbe tu, kazi yake ni kusema kwa sauti, kila mara motokaa inapoingia barabarani, «Kushoto!» Hata mama mzee aweza kuifanya kazi hiyo, na dereva asikasirike akikumbushwa.

Penye mzunguko wa barabara, nyumbani tunauzunguka kinyume cha mishale ya saa. Uganda huuzunguka kama mishale ya saa iendavyo, na anayeingia humpisha ajaye kutoka kuume. Abiria nao wajihadhari wanaposhuka. Mtoto wa Lushebere aliyezoea kutazama kushoto kwanza, ng'ambo atapigwa na motokaa itokayo kuume. Atazame pande zote mbili, kisha atazame tena.

Liko pia jambo la usukani. Motokaa nyingi za Goma zimetoka Japani zikiwa zimekwisha kutumika, zikapita bandari za Mombasa na Dar es Salaam, nazo zina usukani kuume. Huku kwetu dereva wa motokaa hiyo huketi upande wa mtaro, hata hawezi kuona mbele ya lori analotaka kulipita mpaka motokaa yake yote iwe imetoka nje. Uganda motokaa hiyohiyo huwa imefika kwao, na dereva huona vema. Lakini mwenye usukani kushoto, aliyeona vizuri hapa, huwa kipofu kule. Mimi nasema afadhali asipite lori lolote kati ya Kisoro na Kabale, ambako barabara hujipinda milimani na mara nyingi ukungu hufunika. Kufika nusu saa baadaye si hasara.

Kuna kitu kingine ambacho hata mahujaji waliokwenda mara nyingi hukisahau: saa. Uganda iko saa moja mbele ya Goma na Kigali. Saa tano ya Cyanika upande wa Rwanda ni saa sita ya Kisoro. Kutoka Kabale hadi Kampala ni kama kilomita 400, kupitia Mbarara na Masaka. Aliyehesabu safari kwa saa ya mkononi bila kuibadili hushikwa na giza njiani, na barabara ya Masaka usiku si mahali pa mgeni: malori yaliyoharibika husimama bila taa, baisikeli hazionekani, bodaboda hutokea kila upande, na matuta yaliyojengwa kupunguza mwendo huonekana pale tu ambapo magurudumu yamekwisha kuyapanda. Mtu aliyeondoka Goma asubuhi alale Kabale au Mbarara. Gharama ya kitanda ihesabiwe tangu siku ya kuchanga fedha.

Wanafunzi wa darasa la sita wachukue kalamu. Motokaa iendayo kilomita 80 kwa saa hukimbia mita ngapi katika sekunde moja? Gawanyeni mita 80,000 kwa sekunde 3,600: mtapata mita 22. Basi dereva anayetazama simu kwa sekunde mbili tu amekwenda mita 44 akiwa amefumba macho. Tena mwendo ukiwa mara mbili, nguvu ambayo freni yapasa kuizima si mara mbili bali mara nne. Dereva wa Masisi, ambaye kwetu hupata kilomita 20 kwa saa siku njema, hajapata nafasi ya kuionja hesabu hiyo katika mwili wake. Lami laini humdanganya. Katika miji ya Uganda, Kenya na Tanzania mwendo ulioruhusiwa haupiti kilomita 50 kwa saa, na penye shule yafaa kupunguza zaidi. Rwanda ina kamera barabarani, na tangu mwaka 2015 motokaa za abiria zilianza kufungwa chombo kinachozizuia zisipite kilomita 60. Shirika la Afya la Ulimwengu lilikadiria katika taarifa yake ya mwaka 2023 kwamba watu milioni 1.19 hufa kila mwaka barabarani, na bara letu ndilo lenye vifo vingi zaidi kwa kulinganisha na idadi ya watu.

Kila mtu afunge mkanda, wa nyuma pia. Na jibini la Lushebere, zawadi yetu ya siku zote, lisiwekwe nyuma ya vichwa vya abiria: freni ikishikwa kwa ghafla, duara zima la jibini huruka kama jiwe. Liwekwe chini, miguuni.

Ikiwa familia yaweza, yako maoni ambayo mimi huyapendelea: vukeni mpaka kwa miguu au kwa basi, mkakodi ng'ambo motokaa pamoja na dereva wa nchi hiyo. Bei hupanda kidogo, lakini dereva huyo ana upande wake wa barabara damuni, na karatasi za forodha hazihitajiki. Walio na ndugu Ulaya watasikia habari nyingine: huko kampuni hudai kadi ya benki na kushika fedha za dhamana, na katika Ubelgiji dereva aliyezoea barabara kuu hushangaa kumpisha motokaa itokayo kichochoro cha kuume, kwa kuwa pasipo alama ndiyo sheria.

Ajali ikitokea, simama, weka pembetatu ya hatari nyuma ya motokaa, tafuta msaada kwa majeruhi, uite polisi. Watu wakikusanyika kwa hasira, nenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu, ukajitaje mwenyewe. Usitie sahihi karatasi usiyoielewa. Omba taarifa ya polisi kwa maandishi, kwa maana pasipo hiyo Kadi ya Manjano hailipi kitu. Kisha mpigie simu mwenye motokaa siku ileile, kabla hajasikia kwa wengine.

Na wakati wa kurudi, aliyeendesha kushoto siku nane akavuka Mpondwe kuingia Kasindi, au Cyanika kuingia Rwanda, abadili tena mikono yake na saa yake. Abiria wa mbele aanze kusema, «Kuume!»