Asubuhi Karisimbi inapovaa nyeupe

Sisi watu wa Goma tunasemaka theluji ni mambo ya Ulaya, ya wale ndugu zetu walioko Bruxelles na Montréal wanaotutumiaka picha za magari yaliyofunikwa nyeupe. Lakini muamke mapema siku moja ya mwezi wa kumi na moja ao wa nne, nyuma ya mvua iliyonyesha usiku kucha, musimame mahali palipo wazi kule Munigi ao juu ya Mont Goma, muangalie kaskazini-mashariki. Kuna siku kichwa cha Karisimbi kinakuwa cheupe kabisa. Mlima ule uko na metre 4.507, na kule juu mvua inageukaka mvua ya mawe, mara nyingine theluji. Jina lenyewe linatoka kwa isimbi, ile simbi nyeupe, na waliolitoa walikuwa na macho mazuri. Saa tatu ikifika, nyeupe imeyeyuka ao mawingu yamefunika, na aliyelala hataamini.

Tunaandika juu ya mambo haya sababu karibu kila mchimbaji siku hizi iko na telefone yenye kamera, na wengi wetu tunatumikisha ile kamera kwa kazi moja tu. Unashuka kutoka Masisi na mafranga kidogo, unanunua viatu, unaenda pembeni ya ziwa, unapigwa picha: viatu vipya mbele, mayi nyuma. Picha inatumwa kwa mama kijijini, mama anaona mtoto ni mzima, analala vizuri. Hatuicheki picha ile. Wapiga picha wa kando ya ziwa wanakula kwa sababu yake, na kuna nyumba ambamo picha ya namna ile ndiyo peke imebaki ukutani.

Ila ziwa letu linaweza kutoa zaidi. Wakati wa kiangazi, tangu mwezi wa sita mpaka wa nane, vumbi na moshi wa mashamba vinajaa hewani, milima inapotea kabisa, mtu mgeni anaweza kukaa Goma wiki mbili bila kujua kwamba Nyiragongo iko nyuma ya kichwa chake. Wakati ule uache milima, upige jua. Likishuka jioni upande wa Sake, linakuwa jekundu na la mviringo kama sahani, unaweza kuliangalia bila kufunga macho. Mvua zikianza tena mwezi wa tisa, hewa inaoshwa. Hapo ndipo Nyiragongo (metre 3.470), Mikeno yenye ncha kali na Karisimbi vinaonekana pamoja, na Mikeno inaonekana karibu mpaka unaweza kuhesabu mikunjo yake.

Saa nzuri ni mbili tu kwa siku: jua linapotoka, kama saa kumi na mbili, na saa moja mbele ya kushuka. Katikati ya mchana acha, picha inakuwa kavu. Asubuhi ile ile wavuvi wa sambaza wanarudi na taa zao, mitumbwi imefungwa pamoja. (Sambaza yenyewe ni mgeni hapa, ililetwa kutoka Tanganyika karibu na mwaka 1959. Leo nani anaweza kufikiri Kivu bila sambaza?) Kwa telefone: pangusa kioo cha kamera kwanza, sababu vumbi la shimoni linakaa pale na kufanya kila kitu kuwa ukungu. Ulaze telefone. Gusa mlima kwenye kioo ili mwangaza ujipange juu ya mlima, hapana juu ya nyasi. Usivute karibu kwa vidole, tembea na miguu. Na daraja, uwanja wa ndege, barrage na watu wa silaha usielekeze kamera kwao hata kidogo, hata kama nyuma yao kuko mlima mzuri namna gani.

Sasa, theluji ya kweli, ile isiyoyeyuka saa tatu, tuko nayo pia katika jimbo letu. Iko Ruwenzori, kwa Beni, juu ya Mutwanga. Wanande na Wakonjo wanaiita Nzururu, na walikuwa na jina lile kabla mzungu yeyote hajafika kuiona. Kilele cha Margherita, metre 5.109, kiko juu ya mpaka wetu na Uganda. Mwaka 1906 walipanda Waitalia wa mtoto wa mfalme, duke wa Abruzzi, wakafika kule juu tarehe 18 mwezi wa sita. Pamoja nao alikuwa mpiga picha Vittorio Sella, mtu aliyezoea milima ya barafu ya kwao. Kamera za wakati ule zilikuwa mizigo mizito, na nani alibeba? Wapagazi, na kati yao Wakonjo waliopanda mpaka kwenye baridi kali. Tunalisema sababu majina mengi ya vilele ni ya wakubwa na wasafiri wa Ulaya, si ya wapagazi.

Picha za Sella ni nzuri sana, lakini faida yao kubwa ilikuja nyuma. Mwaka ule barafu ilikuwa juu ya milima sita, karibu kilometre carré saba na nusu. Wengine walirudi miaka iliyofuata, wakasimama palepale aliposimama Sella, wakapiga tena. Ukiweka picha mbili pamoja huhitaji mwalimu: hapa nyeupe, pale mawe matupu. Kufika mwanzo wa miaka ya 2000 barafu ilikuwa imebaki juu ya milima mitatu tu, Stanley, Speke na Baker, na bado inapunguka. Mtu anayeishi chini yake anaona mlima uleule kila siku, hawezi kujua. Picha ndiyo ilijua.

Na ndiyo tulitaka kufikia. Kilima cha mgodi ni vilevile. Mchimbaji anayepanda kila asubuhi haoni kwamba mteremko umeshuka, kwamba ufa uliokuwa kama kidole sasa unaingiza mguu, kwamba ule mti umeanza kuinama. Macho yanazoea. Na wakati ni uleule wa picha nzuri: mvua. Mvua inayotusafishia hewa tuone Karisimbi, ndiyo inaingia ndani ya udongo uliochimbwa pande zote na kuufanya mzito, mpaka siku unaachia. Tumezika wenzetu wa kutosha katika miezi ile.

Kwa hiyo katika chama chetu tumeanza kuombana jambo rahisi. Kila kikundi kichague jiwe moja, mbali na mteremko, mahali salama. Kila siku ya kwanza ya juma, na kila asubuhi nyuma ya mvua kubwa, mtu mmoja asimame juu ya jiwe lile, apige kilima kizima, telefone imelazwa, upande uleule. Pembeni ya picha kuwe na kitu kisichosogea, mwamba ao nyumba, ili macho yapate kupima. Usitume mtu kusimama karibu na ufa ili picha ionekane vizuri. Kisha mulinganishe na ile ya juma lililopita mbele ya kuingia, hapana jioni.

Kuna wakubwa wa mashimo ambao hawapendi. Mmoja alituuliza kama tunauza picha kwa wazungu. Tulimuonyesha zile mbili, ya mwezi wa tisa na ya mwezi wa kumi, akanyamaza, akasema shimo la juu lipumzike siku tatu. Siku tatu si nyingi, lakini wenye nguvu ya kusema hawakuwahi kutupa hata moja mbele ya pale.

Na picha moja zaidi, kwa mama na wake zetu wanaosoma: muombe mume awapigie picha yake mahali pa kazi, na wenzake, kilima kionekane nyuma. Tumeona mjane akiambiwa kwamba mume wake hajulikani kwenye shimo lile. Alikuwa na picha ya ziwa peke, na viatu vipya. Picha muiache ndani ya telefone jinsi ilivyopigwa, sababu ukiipitisha kwa WhatsApp inapoteza tarehe. Na nyingine ikae ndani ya telefone ya mtu wa pili, nyumbani.