"Kwenda Kiholanzi": Bia, Kikoa na Kujigharimia

Wafasiri hukutana mara kwa mara na nahau ya Kiingereza ambayo, neno kwa neno, ni "kwenda Kiholanzi". Aiandikaye hivyo atamwacha msomaji akitafuta safari ya Amsterdam. Nahau hii yahusu watu wanaokula pamoja bila ya mmoja kuwalipia wenzake. Waholanzi wametajwa kwa kejeli tu: Waingereza walipigana nao vita vitatu vya baharini kati ya 1652 na 1674, na Kiingereza kikabaki na misemo mingi ya kuwabeza. Kejeli hiyo haitufai kitu. Maana ndiyo itufaayo.

Nayo maana ni mbili. Huenda kila mtu akalipia alichokula mwenyewe, au jumla ikagawanywa sawasawa. Tuchukue mafundi watatu wa Nyakato, Mwanza, walioketi kwa mama ntilie. Wawili wamekula ugali kwa dagaa. Wa tatu ameagiza sato mzima. Kwa maana ya kwanza, mwenye sato hulipa zaidi. Kwa maana ya pili, wala dagaa humsaidia kumlipia sato wake! Mfasiri asiyepambanua atawagombanisha watu.

Kwa mgawanyo wa sawa tunalo neno bia. Kula kwa bia ni kula kwa kushirikiana gharama, na mbia na ubia ni wa ukoo huo, maneno ambayo leo yamekaa imara katika sheria na biashara. Kikwazo ni kile kinywaji chenye jina hilohilo. Kwa hiyo kihusishi "kwa" kisiachwe. Kikoa ni jambo jingine: kulishana kwa zamu, leo mimi, kesho wewe. Yote mawili yamo katika kamusi ya Frederick Johnson ya 1939. Kuchanga nako si sawa, kwani mchango hutolewa kwa kadiri ya uwezo, na mara nyingi kwa shughuli ya mwingine, kama harusi au msiba.

Kwa maana ya kwanza twapendekeza kujilipia, na katika barua za ofisi, kujigharimia. Hapa watumishi wa serikali waangalie sana. Kwa desturi yetu mwenye kukaribisha ndiye mwenye kulipa. Mjumbe atokaye Magu akisoma "mnakaribishwa kwa chakula cha mchana" atabeba nauli tu, na aibu itamkuta mezani mbele ya wenziwe. Iwapo matini ya asili ilikusudia kila mtu ajigharimie, neno hilo liandikwe katika sentensi ileile ya mwaliko, wala lisingojee chini ya saini.