Nyumba Small Heath, Mwenyewe Nairobi

Small Heath ni mtaa wa jiji la Birmingham unaopitiwa na Coventry Road, barabara yenye maduka, migahawa na misikiti, na nyumba zake nyingi ni za matofali mekundu zilizojengwa ukuta kwa ukuta mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, baadhi zikiwa zimegawanywa baadaye kuwa fleti. Wakazi wengi wa mtaa huo wana asili ya Pakistan na Bangladesh, na tangu miaka ya mwisho ya karne iliyopita wameongezeka Wasomali, wengi wao wakiwa wamepitia Uholanzi, na wengine wakiwa wamewahi kuishi Kenya na kukijua Kiswahili. Kwa jamii ambayo imezoea kuhama, kununua nyumba hakumaanishi kukaa humo daima: wapo wanaorudi Afrika Mashariki kufanya biashara katika mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi, wapo wanaostaafu Mombasa, na wapo wanaowapeleka watoto wakakulie karibu na bibi na babu, huku nyumba ya Birmingham ikipangishwa ili iwaletee kipato.

Swali linaloulizwa kwanza katika hali hiyo ni nani atakayepokea pango, na jibu la haraka huwa ni ndugu, yaani mpwa, shemeji au jirani wa siku nyingi anayeachiwa ufunguo na kuombwa aitupie nyumba jicho. Mpango huo una msingi mwema, kwa kuwa umejengwa juu ya uaminifu, lakini unamtwisha ndugu huyo wajibu ambao mara nyingi hajaambiwa. Chini ya utaratibu wa kodi wa wenye nyumba walio ng'ambo, unaosimamiwa na Mamlaka ya Mapato na Forodha ya Uingereza, HMRC, mtu aliyeko Uingereza anayeendesha upangishaji na kupokea pango kwa niaba ya mwenye nyumba anayeishi nje huhesabiwa kuwa wakala, hata kama hana ofisi wala halipwi chochote. Wakala huyo anatakiwa kujiandikisha HMRC, kuondoa gharama halali alizolipa, kama vile za matengenezo, kisha kukata asilimia 20 ya kinachobaki na kuiwasilisha serikalini kila robo ya mwaka. Ikiwa hakuna wakala na mpangaji anamlipa mwenye nyumba moja kwa moja, wajibu wa kukata kodi humwangukia mpangaji mwenyewe pale pango linapozidi paundi 100 kwa wiki, na huo ni mzigo usiostahili kuachiwa mtu aliyetafuta tu mahali pa kulala.

Mwenye nyumba anaweza kuuondoa mzigo huo kwa kujaza fomu inayoitwa NRL1, ambayo ni maombi ya kupokea pango lote bila kukatwa. Kibali hicho hakifuti kodi yenyewe, kwani pango la nyumba iliyoko Uingereza hutozwa kodi Uingereza popote alipo mwenyewe, naye hubaki na wajibu wa kutoa hesabu za mwaka wa kodi, unaoanza tarehe 6 Aprili na kuishia tarehe 5 Aprili, kabla ya Januari 31 inayofuata kupita. Kwa utaratibu huu anahesabiwa kuwa mkazi wa nje yule ambaye makazi yake ya kawaida yako nje ya Uingereza, na HMRC kwa desturi humtazama hivyo anayekaa nje kwa miezi sita au zaidi, kwa hiyo pasipoti ya Uingereza peke yake haimtoi mtu katika kundi hilo.

Anwani nayo ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Sheria ya mwaka 1987 inamtaka mwenye nyumba ampe mpangaji anwani iliyoko England au Wales ambako barua na ilani zinaweza kupelekwa, na mpaka atakapofanya hivyo pango halihesabiwi kuwa limefika wakati wa kulipwa. Namba ya simu ya Nairobi haikidhi sharti hilo, hata kama inapatikana usiku na mchana.

Juu ya hayo yote imo leseni. Tangu tarehe 5 Juni 2023 Halmashauri ya Jiji la Birmingham imeweka katika kata kadhaa, Small Heath ikiwa mojawapo, utaratibu wa miaka mitano ambao chini yake takriban kila nyumba ya mtu binafsi iliyopangishwa lazima iwe na leseni, hata kama inakaliwa na familia moja tu. Halmashauri haitoi leseni kwa sababu tu hati ya nyumba ina jina la mwombaji. Hutazama kama anayeomba ni mtu mwadilifu na anayefaa kuishika, na kama mipango ya kuisimamia nyumba inaridhisha, na hapo ndipo mtu anayeishi maili elfu kadhaa mbali anapotakiwa kuonyesha nani atafungua mlango mkaguzi akibisha. Anayepangisha bila leseni anaweza kuamriwa na baraza la usuluhishi wa makazi amrudishie mpangaji pango alilokwisha kulipwa.

Katika matengenezo ndiko umbali unakoumiza zaidi, na anayeumia kwanza si mwenye nyumba. Nyumba za matofali za umri huo hupitisha unyevu, na kuvu huota kwenye kuta za vyumba visivyopata joto la kutosha, jambo ambalo ni hatari kwa mapafu ya watoto wachanga na wazee. Boila, yaani mtambo wa gesi unaopasha moto maji na mabomba ya joto, ukizimika mwezi Januari, familia iliyomo ndani haiwezi kungoja wiki mbili ili mpwa apate nafasi ya kutafuta fundi, na sheria ya mwaka 1985 haimruhusu mwenye nyumba kuwangojesha, kwa kuwa matengenezo ya paa, kuta, mabomba ya maji na mitambo ya joto ni wajibu wake. Mitambo ya gesi hukaguliwa kila mwaka na fundi aliyesajiliwa, na nyaya za umeme angalau kila miaka mitano. Kwa hiyo fedha za dharura zinapaswa kuwa mikononi mwa msimamizi aliyeko Birmingham pamoja na ruhusa ya maandishi ya kuzitumia bila kungoja simu ipokelewe, na mwenye nyumba asiyekuwa tayari kutoa ruhusa hiyo hajawa tayari kupangisha akiwa mbali.

Dhamana anayoweka mpangaji isizidi pango la wiki tano, ikiwa pango la mwaka halifiki paundi 50,000, na ihifadhiwe katika mojawapo ya mifuko iliyoidhinishwa na serikali ndani ya siku 30. Mpangaji pia lazima akaguliwe kama ana haki ya kuishi nchini, sharti ambalo Birmingham na miji jirani ililijaribu mwanzo kabisa, kuanzia tarehe 1 Desemba 2014, kabla halijaenezwa England nzima mwaka 2016. Kazi ya ukaguzi huu inaweza kukabidhiwa wakala, mradi makubaliano yawe ya maandishi.

Hayo yote yanachukulia kwamba mwenye nyumba ana ruhusa ya kupangisha, na wengine hawana. Benki iliyotoa mkopo kwa nyumba ya kuishi inapaswa kuombwa idhini kwanza, na hali ni hiyo hiyo kwa walionunua kwa mipango isiyo na riba, kama ile ya benki ya Al Rayan, ambapo mteja na benki hushirikiana katika umiliki huku mteja akiilipa benki pango na kuinunua sehemu yake kidogo kidogo. Mwenye fleti huwa na sharti la ziada, kwa kuwa kwa kawaida hamiliki ardhi bali haki ya kuikalia fleti kwa miaka mingi iliyotajwa katika mkataba, na mkataba huo waweza kumtaka apate idhini ya mwenye ardhi kabla ya kupangisha.

Mabadiliko makubwa zaidi yanahusu siku ya kurudi. Sheria ya Haki za Wapangaji, iliyopata idhini ya Mfalme tarehe 27 Oktoba 2025 na ambayo sehemu zake kuu ziliwekewa tarehe ya kuanza ya 1 Mei 2026, inaondoa uwezo wa kumtoa mpangaji bila kutaja sababu, hatua ambayo familia nyingi za wapangaji ziliingoja kwa miaka. Mwenye nyumba anayetaka kurudi kuishi humo mwenyewe bado ana njia, lakini hawezi kuitumia kumtoa mpangaji katika mwaka wa kwanza, na lazima atoe ilani ya miezi minne, na mpangaji asipotoka itabidi aende mahakamani. Hivyo mzazi aliyeko Nairobi anayetaka watoto waanze shule Birmingham mwanzoni mwa Septemba anatakiwa awe ametoa ilani kabla Aprili haijaisha, na awe na mahali pengine pa kufikia ikiwa shauri litachelewa.